Gari la Moshi la Bububu



Hivi karibuni tulikuwa Michenzani, upande wa Ng'ambo katika mji wa Unguja, tukiongea na watoto wa shule habari za safari za zamani. Tukawauliza, "Je, katika kisiwa chetu pamepata kuwa na treni?" Kijana mmoja mdogo akasimama mara moja akajibu, "Ndiyo, mwalimu. Sisi twakaa humo."

Wenziwe wakacheka, na sisi pia tukacheka, walakini hakusema uongo. Watu wa mjini wameyapa jina la treni yale majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa Michenzani tangu zama za Mzee Abeid Karume, kwa ramani iliyotengenezwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Nayo kweli yafanana na mabehewa yaliyofungamanishwa, dirisha baada ya dirisha, hata mtu akitazama toka mwisho mmoja huchoka macho kabla hajaufikia mwisho wa pili. (Ile michenza iliyopapa mahali hapo jina lake, sisi hatukuuona hata mmoja.) Basi tukamwuliza kijana yule kama amepata kusikia habari za treni nyingine, ile iliyotembea. Akatikisa kichwa. Mwalimu wake naye, mtu msomi, akatuambia kando kwa sauti ya chini, "Mimi nilidhani hayo ni hadithi tu."

Si hadithi. Tena treni za Unguja hazikuwa moja, zilikuwa mbili, na ya kwanza ilitangulia treni zote za Afrika ya Mashariki. Wajerumani walianza kulaza reli yao Tanga mwaka 1893, na Waingereza wakaianza yao Mombasa mwaka 1896. Lakini Unguja reli ililazwa mwaka 1879, nao Tanga na Mombasa wangali wakisafiri kwa miguu na kwa punda.

Mwenye reli hiyo ya kwanza alikuwa Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala toka 1870 hata 1888. Mwaka 1875 alikwenda Uingereza, akaona mambo mengi ya Ulaya, naye hakuwa mtu wa kuona kitu kizuri akakisahau. Akajenga reli ya maili 7 toka jumba lake mjini hata Chukwani, upande wa kusini, alikokuwa na jumba jingine la kupumzikia karibu na bahari. Mwanzoni mabehewa mawili yalivutwa na nyumbu, wale wazaliwao na punda na farasi. Kisha mwaka 1881 akaagiza injini ndogo ya moshi kwa Bagnall, mafundi wa Stafford katika Uingereza.

Kwa mtu atokaye mjini, Chukwani ni mbele ya Mbweni, mahali ambapo Misheni ya Vyuo Vikuu iliwapa makao watu waliokombolewa katika majahazi ya watumwa. Tukisoma habari za miaka ile huwaza watoto wa Mbweni wakiacha vibao vyao na kukimbia kwenda kutazama moshi wa mfalme. Lakini twawaza na jambo jingine. Mali ya Unguja wakati ule ilitoka sana katika karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa, maana utumwa wenyewe haukuondolewa kwa sheria Unguja mpaka mwaka 1897. Gari lile lilikuwa zuri, nasi hatukatai. Ila halikuchukua gunia la mtu wala mgonjwa wa mtu. Lilimchukua mfalme na watu wake kwenda kupunga hewa, na mfalme alipokufa mwaka 1888, nalo likafa. Reli ikang'olewa, injini ikavunjwa ikawa vyuma vikuukuu. Miaka 9 tu tangu kulazwa.

Treni ya pili ndiyo hasa tuliyotaka kuwaeleza, kwa kuwa hiyo ilikuwa ya watu.

Mwaka 1904 kampuni ya Wamarekani, Arnold, Cheney, wafanya biashara wa pembe kutoka New York, walianza kujenga reli toka mjini kwenda kaskazini hata kijiji cha Bububu. Nayo ilikuwa maili 7, sawa na ile ya Chukwani, ingawa zilielekea pande mbili mbalimbali. Mwaka 1905 ikafunguliwa. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyoleta taa za umeme mjini, hata twaweza kusema kwamba mlango mmoja uliingiza moshi na mwanga pamoja. Upana wa reli, toka chuma hata chuma, ulikuwa futi 3 tu, kwa hiyo gari lenyewe lilikuwa jembamba. Na lingalikuwa pana, lisingalipita mjini.

Maana safari yake ilianzia Ngome Kongwe, ile ngome ya Waarabu iliyo Forodhani. Hebu msomaji aliye na watoto nyumbani na awachukue mpaka hapo jioni moja, awaambie wageuze nyuso kaskazini. Gari lilitoka hapo likafuata pwani, mbele ya Beit al-Ajaib, mbele ya jumba la Sultani, likaingia mitaa ya Malindi. Humo njia ni nyembamba, na reli ilipita mlangoni pa watu hasa, hata ikapata sifa mbali kwa ajili hiyo, kwani ni miji michache duniani ambamo treni hupita mahali ambapo watu wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Kisha likavuka hori, likapita Gulioni karibu na jumba alilokaa Dr. Livingstone mwaka 1866 kabla ya safari yake ya mwisho, ndipo likaingia katika hewa ya minazi na mashamba.

Huko lilikwenda sambamba na barabara karibu njia yote. Likapita Maruhubi, kwenye jumba la Seyyid Barghash lililoungua mwaka 1899, ambalo nguzo zake zingali zimesimama hata sasa. Likapita Mtoni, kwenye jumba la Seyyid Said bin Sultan, ambamo binti yake Salme alizaliwa mwaka 1844. Halafu likafika Beit el Ras, na hapo pana jambo ambalo lilituhuzunisha tulipolijua. Seyyid Said alianza kujenga jumba kubwa mahali hapo, akafa mwaka 1856 halijakwisha. Likawa gofu. Wajenzi wa reli walipotaka mawe hawakwenda mbali, walichukua ya gofu lile. Basi abiria waliokwenda Bububu walipita juu ya jumba la mfalme, wengi wao, twadhani, bila kujua.

Watu walilipanda, na meli za wageni zilipotia nanga bandarini liliungwa behewa la daraja ya kwanza, ili wasafiri wale wapate kuona minazi na mikarafuu na kurudi chomboni kabla ya jua kuchwa. Mwaka 1911 Serikali ikalitwaa gari mikononi mwa kampuni.

Kilicholiua ni motokaa. Barabara za kisiwa zilipotengenezwa, motokaa iliweza kuingia shamba la mtu, ikapakia nazi zake na karafuu zake mlangoni, ikamshusha mjini alipotaka. Gari la moshi haliwezi kuacha chuma chake. Tena reli ilifika Bububu ikakoma, na mashamba mengi ya karafuu yalikuwa mbele au ndani zaidi, hata mwenye mzigo alilazimika kuuchukua mara mbili. Sisi twaona kwamba kosa lilikuwa hapo tangu mwanzo, kwani reli ya maili 7 ni fupi mno kumfaa mkulima wa Mkokotoni au wa Kizimbani, na pia si ndefu ya kumshinda mtu mwenye miguu mizuri. Katika miaka ya 1920 safari za abiria zikakoma. Injini hazikupumzika mara moja, maana bandari ilikuwa ikijengwa Malindi, nazo zikabebeshwa mawe ya kujazia bahari. Gari lililoanza kwa kula mawe ya mfalme likamaliza maisha yake kwa kutapika mawe baharini. Kisha reli ikang'olewa kama ile ya kwanza.

Sasa hesabuni pamoja nasi. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 akipakatwa na mamaye katika behewa, miaka ile ya mwisho ya abiria, leo angekuwa amepita miaka 100. Waliolipanda wamekwisha lala. Habari zake zimo vinywani mwa watoto wao, nao ni wazee wenye fimbo, na baada yao hapana mwingine wa kumwuliza. Wala majengo hayatungoji. Beit al-Ajaib, ambalo gari lilipita mbele yake kila siku, sehemu yake ilianguka siku ya Noeli mwaka 2020, ikaua watu wawili, na mpaka siku ile tulikuwa tukidhani litasimama daima. Kwa hiyo twawaomba waalimu na wazazi, kama mna bibi au babu aliyesimuliwa na wazazi wake, kaeni naye jioni mwandike asemayo, na tarehe ya siku aliyosema. Kama mna picha kuukuu ya reli sandukuni, msiache mchwa wawatangulie.

Lakini yaandikeni kwa akili, maana masimulizi huchanganyika. Karibu kila mtu tuliyemwuliza alitwambia kwamba Bububu imepata jina lake kwa sauti ya gari la moshi, bu-bu-bu. Ni maneno ya kupendeza, nasi tungalipenda yawe kweli. Illakini yule binti wa Seyyid Said, Salme, aliandika kitabu cha maisha yake kikapigwa chapa Ujerumani mwaka 1886, na humo aliitaja Bububu kwa jina hilo hilo, miaka karibu 20 kabla ya reli kulazwa huko. Mtoto hawezi kumzaa babu yake. Wengine husema jina latokana na maji yabubujikayo katika chemchemi za huko, maji ambayo Seyyid Barghash aliyaleta mjini kwa mfereji. Hayo angalau hayapingani na miaka.

Tuliporudi Michenzani juma lililofuata tulimchukua yule kijana, kwa ruhusa ya mamaye, na mwalimu wake pamoja naye, tukapanda daladala kwenda Bububu. Yule mtoto alikaa dirishani. Njiani tulimwonyesha tuta dogo kando ya barabara na kidaraja ambacho hakiendi popote, naye akataka tushuke. Tukashuka. Akapima kwa nyayo zake, kisigino juu ya ncha ya kidole, akitafuta futi 3, na mwalimu akapima naye, akiwa ameinua kanzu kidogo isishike umande. Hakusema tena habari ya hadithi.

Bububu tulimkuta mzee mmoja ameketi barazani. Alizaliwa baada ya gari kwisha. Tukamwuliza kama babaye alipata kumweleza lolote, akasema babaye hakueleza mengi, ila alikuwa na mchezo mmoja wa kumlalisha usiku. Alimpakata, akampigapiga mgongoni polepole, akaiga sauti ya gari likitoka Ngome Kongwe, kisha upesi zaidi likipita Mtoni, kisha polepole likisimama Bububu, na kwa kawaida mtoto alikuwa amekwisha lala kabla ya kufika Maruhubi. Tukamwomba atuonyeshe. Akaona haya kwanza, mtu mzima mwenye wajukuu. Kisha akaiga.

Ndipo tukafahamu kwa nini watu wote wasema jina limetoka huko.

Tuliporudi jua lilikuwa likichwa, na gari limejaa watu na vikapu vya muhogo. Kijana wetu alisimama kati ya magoti ya mwalimu wake, akiiga toka Mtoni hata Gulioni, na utingo akamwambia anyamaze, naye hakunyamaza. Mamaye alikuwa akingoja chini ya jumba lao, mlango wa tatu. Akamwuliza umekwenda wapi na umeona nini. Mtoto akamshika mkono akamwambia, "Njoo nikulalishe."