Si Kila Uvimbe wa Kichwani ni Kansa



Tuseme mwanao achimba dhahabu katika maduara ya Geita. Siku moja aanguka ghafula, viungo vyatikisika, povu lamtoka. Nyumbani neno la kwanza ni lipi? "Amelogwa." Ng'ombe wauzwa, mpiga ramli aitwa, na bibi kizee jirani aanza kutazamwa vibaya. Sisi wa Shinyanga na Geita twajua mwisho wake: vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni.

Sasa sikia. Katika ubongo wa watu wengine mna fungu la vijishipa vya damu vyenye kuta nyembamba, vimeshikamana kama tunda la forosadi. Madaktari huliita kavenoma. Yakadiriwa kuwa mtu 1 katika 200 analo, na wengi huzeeka wasilijue. Lakini mara nyingine vijishipa hivyo huvuja damu kidogo. Chuma kilichomo katika damu hubaki pale kama kutu, huchokoza ubongo, na kifafa huanza. Wengine huumwa kichwa, au hulegea mkono.

Kavenoma si kansa, wala haienei mwilini. Lakini katika picha ya CT yaweza kufanana na uvimbe mbaya, hata ndugu wakaanza kulia matanga kabla ya wakati. Picha ya MRI, ile ya sumaku, hupambanua vizuri zaidi: damu ya zamani huonekana kama pete nyeusi.

Alberto Contador, mwendesha baiskeli wa Hispania, alianguka mashindanoni mwaka 2004. Ikaonekana kavenoma, akapasuliwa. Mwaka 2007 alishinda mashindano makuu ya Ufaransa. Wagonjwa wengi hata hawapasuliwi. Hupewa dawa za kifafa na kuangaliwa mara kwa mara.

Basi tufanyeje? Mtu akianguka, mlaze ubavu, wala usimtie kijiko mdomoni. Usiogope povu, kifafa hakiambukizwi kwa povu. Kikizidi dakika 5, mkimbize hospitali. Mwenye kifafa asishuke duarani, asioge ziwani peke yake, asiache dawa bila kuambiwa na daktari. Anzeni zahanati, ikilazimu, mtaelekezwa Bugando, Mwanza, hospitali ya maaskofu wetu, au MOI, Dar es Salaam.

Wako wasemao kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani. Someni Yoshua bin Sira, sura ya 38: yatufundisha kusali tunapougua, na pia kumpa daktari nafasi yake, kwani naye aliumbwa na Mungu. Sala na dawa hazigombani.

Na yule bibi kizee? Mpelekee maji na kuni. Hakumroga mwanao; ni jirani yako.