Mwali wa Buluu Haupimi Usalama

Lutuku, pombe kali ya kienyeji ya Fizi na Baraka, mashariki mwa Kongo, inayopikwa kwa muhogo na mahindi, hupimwa kwa kiberiti. Tone linawashwa, mwali wa buluu unatokea, wanywaji wanaridhika kwamba ni safi. Swali lilelile, “Inashika moto?”, huulizwa hata mbele ya ramu ya Karibi iliyokaa miaka 20 kwenye pipa. Halifai kwa kimoja wala kingine.

Moto hupima wingi wa maji tu. Jaribio la zamani la baruti, linalohusishwa na mabaharia wa Uingereza, lilikuwa na kazi hiyohiyo: baruti iliyolowa ramu ikiwaka, ramu ina alkoholi ya asilimia 57 hivi, yaani hakuna aliyeiongezea maji. Aliyekuwa akitafutwa ni mwizi, si sumu. Methanoli, sumu inayopofusha, nayo huwaka kwa mwali wa buluu hafifu ambao mchana hauonekani kirahisi. Chupa ya sumu basi hufaulu mtihani huu, na ramu nzuri ya asilimia 40 huweza kuanguka asubuhi yenye baridi. Wanaodai kwamba sumu huwaka nyekundu hawajawahi kuiwasha.

Imani nyingine inasema kumwaga chupa ya kwanza ya kila upishi kunaondoa methanoli yote. Hakuondoi. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 na alkoholi ya kawaida kwenye 78, lakini zikichanganyika na maji hutoka pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachopungua ni harufu ya gundi, na kwa hiyo pekee inafaa kumwaga. Kwa vyovyote, muhogo na mahindi hutoa methanoli kidogo. Waragi (pombe kali ya kienyeji) iliyoua makumi ya watu Kabale, Uganda, mwaka 2010 ilikuwa na methanoli kwa kiwango ambacho chungu cha kijijini hakitoi. Kiwango hicho huletwa na kemikali ya kiwandani.

Ubora ni habari nyingine, nao kwa ramu iliyozeeshwa hutoka kwa kiasi kikubwa kwenye mti. Pipa la mwaloni huipa ramu vanila, viungo na ukali wa kukausha ulimi, huku joto la Karibi likikausha takriban asilimia 6 ya kilichomo kwa mwaka, dhidi ya 2 hivi huko Uskoti. Rangi isiaminiwe, maana karameli huongezwa. Bidoni la plastiki halizeeshi chochote: lutuku ya miaka mitano humo ni lutuku yenye ladha ya plastiki.

Kuonja hakuna uganga. Glasi yenye mdomo mwembamba, kiasi kidogo, dakika kumi za kungoja. Pua mbali kidogo, mdomo wazi. Funda dogo lizungushwe, kisha tone la maji na kurudia. Kwa lutuku, mpishi anayejulikana, chombo kisichowahi kubeba mafuta wala dawa ya shamba, wala rejeta ya gari isitumike kupoza mvuke, kwa sababu ya risasi iliyo kwenye viungio vyake. Macho yakiona ukungu hata siku ya pili baada ya kunywa, hospitalini mara moja, maziwa hayatibu.