Pampu ya Kuvuta Maji: Matayarisho Kabla ya Kuiwasha

Wako wakulima katika bonde la Lwengera na kandokando ya mto Pangani, wilayani Korogwe, wanaomwagilia mashamba yao kwa pampu ndogo za petroli. Chama kinaponunua pampu ya namna hiyo ili wanachama waitumie kwa zamu, katibu hana budi kufahamu jinsi inavyofanya kazi, kwa maana wapo watu waliopoteza maisha kwa kutolifahamu jambo moja tu juu yake.

Tumezoea kusema kwamba pampu huvuta maji. Kwa hakika pampu huondoa hewa iliyomo ndani ya mpira, na hewa ya nje, inayokandamiza kila sentimita mraba ya uso wa maji kwa uzito wa karibu kilo moja, huyasukuma maji yapande kujaza nafasi iliyoachwa tupu. Torricelli wa Italia alilieleza jambo hili mwaka 1644. Uzito huo wa hewa waweza kuinua maji mita 10 hivi tu, hata injini iwe na nguvu za namna gani. Kazini, kwa sababu ya msuguano na hewa inayopenya kwenye maungio, mita 7 ndiyo mwisho, na ni heri kutozidi 6. Milimani hewa ni nyepesi zaidi: pampu iliyopelekwa Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hupungukiwa na zaidi ya mita moja ya uwezo iliokuwa nao Korogwe mjini.

Kiangazi maji hushuka kisimani, pampu ikashindwa kuyafikia. Hapo mtu huona kwamba njia rahisi ni kuishusha injini ndani ya kisima. Hilo lisifanywe kamwe. Moshi wa injini una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Kisimani haina pa kutokea, nayo hubaki humo hata baada ya injini kuzimwa. Wengine hushusha mshumaa ili kupima. Mshumaa ukizimika huonyesha upungufu wa oksijeni, lakini huweza kuendelea kuwaka vizuri penye sumu hii. Aliyeanguka kisimani asifuatwe na mwenzake, kwani mara nyingi mwokoaji hufia hapo hapo. Kama alifungwa kamba avutwe kutoka juu. La sivyo, Zimamoto na Uokoaji waitwe kwa namba 114.

Kwa hiyo tayarisho la kwanza ni kupima, kwa kamba yenye jiwe, kimo kutoka uso wa maji hadi mahali pampu itakapokaa. Kipimo cha masika hakifai kutegemewa mwezi wa Septemba.

Baada ya hapo, mpira wa kuvutia uwe mgumu, wenye waya ndani. Mpira laini wa kupeleka maji shambani hubanwa na hewa ukalala bapa. Mwisho wake ufungwe chujio na vali inayozuia maji kurudi. Maungio yakazwe, kwani tundu dogo la sindano latosha kuharibu kazi yote. Pampu ijazwe maji kabla ya kuwashwa. Ikizunguka kavu, sili yake huungua, na gharama hurudi kwa chama. Petroli itiwe injini ikiwa imepoa. Kwenye kingo za Pangani, anayeshika chujio asisahau kwamba mto huu una mamba.

Kisima kikizidi mita 7 kinahitaji zana ya namna nyingine: pampu ya umeme au ya nguvu za jua inayozamishwa majini, au pampu ya mkono kama Afridev, ambayo silinda yake hukaa chini ya maji. Hizi huyasukuma maji kutoka chini, wala hazifungwi na kipimo tulichokitaja.

Makatibu wanaombwa waandike katika daftari la pampu, kabla ya kumkabidhi mwanachama, jina lake, mahali atakapoitumia na kimo alichopima. Asiyepima asikabidhiwe.