Siku Sita za Uumbaji: Mjadala wa Kale Kuliko Darwin

Wengi huamini kwamba Wakristo walianza kuzisoma siku sita za uumbaji kama fumbo baada ya Charles Darwin kuchapisha kitabu chake kuhusu asili ya spishi mwaka 1859, ili kuinusuru Biblia mbele ya sayansi. Historia ya Kanisa inakataa. Suala hilo lilijadiliwa zamani sana, tena hapa hapa Afrika.

Katika karne ya 3 Origen, mwanazuoni wa Alexandria nchini Misri, aliona kwamba jua linaumbwa siku ya nne. Siku tatu za mwanzo, basi, zilipataje jioni na asubuhi? Kwake, hapo Maandiko yenyewe yalikuwa yakimwelekeza msomaji atafute maana ya ndani zaidi.

Augustino, askofu wa Hippo, mji unaoitwa leo Annaba nchini Algeria, aliichunguza hoja hii kwa subira ya ajabu. Baada ya majaribio mawili, alitumia miaka ipatayo 15 mwanzoni mwa karne ya 5 kuandika ufafanuzi wa kitabu cha Mwanzo kwa maana halisi. Huko huko kwenye maana halisi akafikia kauli kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja, na kwamba siku zile si za saa 24. Aliwaonya pia waumini wanaonena ovyo kuhusu nyota na mbingu huku wakijikinga kwa Biblia, maana wanaifedhehesha imani mbele ya wenye elimu. Onyo hilo lingefaa kusomwa katika kila chuo cha theolojia.

Hata hivyo, Augustino huyo huyo aliamini dunia haijatimiza miaka 6,000. Na si wote waliozisoma siku zile kama yeye: kabla yake, katika karne ya 4, Basili wa Kaisaria alihubiri kwamba maji ni maji na majani ni majani. Mwaka 1650 Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland alikokotoa kuwa uumbaji ulitokea mwaka 4004 K.K. Hesabu yake ilipochapwa pembezoni mwa Biblia za Kiingereza, wasomaji wengi waliichukulia kama sehemu ya Maandiko.

Anayetaka kulipima jambo hili mwenyewe asome Mwanzo sura ya 1 na ya 2 kwa pamoja. Katika ya kwanza wanyama wanamtangulia mtu. Katika ya pili mtu anaumbwa kwanza, kisha wanyama wanaletwa kwake awape majina. Asome polepole, kabla ya kumhukumu jirani yake kuwa amepotoka.