Tingatinga: Nani anafaidika na sanaa ya Oyster Bay?

Kwa Waafrika Mashariki wengi waishio ughaibuni, mchoro wa Tingatinga ukutani ni kumbukumbu ya nyumbani. Wachache, hata hivyo, wanafahamu chimbuko lake.

Mwaka 1968, jijini Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao nyembamba. Vifaa hivyo vilipatikana kwa urahisi, na picha ziliuzwa kwa wageni penye maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, lakini jamaa na wanafunzi wake waliiendeleza kazi hiyo, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika.

Umaarufu huo umezaa tatizo. Mtindo wa Tingatinga sasa unaigwa kote Afrika Mashariki, na picha inayopita mikononi mwa wachuuzi kadhaa humwachia mchoraji sehemu ndogo tu ya bei. Kwa hiyo mgeni anayenunua Oyster Bay kwa mchoraji mwenyewe humwona akiwa kazini, hulijua jina lililotiwa saini, na fedha zake humfikia aliyeshika brashi.