Je, Wajua? Kompyuta ikigoma kuwaka, leseni haijafa
Wilaya za Ngara na Biharamulo, nchini Tanzania, zilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi kabla ya gridi ya taifa, na umeme ukiyumba, kompyuta huathirika. Ikigoma kuwaka, wengi hukimbilia nakala bandia ya Windows wakidhani leseni imepotea. Si lazima. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mashine nyingi hutoka kiwandani zikiwa na ufunguo wa herufi na tarakimu 25 kwenye chipu ya ubao mkuu. Kama ni diski iliyokufa, weka mpya, sakinisha toleo lilelile, na ufunguo utasomwa wenyewe. Ubao ukiungua je? Hapo leseni ya kiwandani huondoka nao kweli. Lakini kama ufunguo ulinunuliwa peke yake, chomoa diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine nzima: faili la SOFTWARE, ndani ya Windows, System32, config, huwa limeuhifadhi kwa mafumbo, na programu ndogo huufumbua.