Mazoezi Mafupi Huokoa Vichanga

Mtoto anapozaliwa bila kupumua, mkunga ana dakika moja tu, iitwayo dakika ya dhahabu, ya kuanza kumsaidia kwa mfuko wa hewa na barakoa. Katika dakika hiyo hakuna nafasi ya kufungua daftari. Mikono hutenda kile ambacho ubongo umekihifadhi.

Hapo ndipo elimu ya ubongo inapomhusu mwalimu wa uuguzi. Kujifunza ni kuimarika kwa miunganiko baina ya seli za neva. Miunganiko hiyo huimarika inapotumika tena na tena, na hufifia inapoachwa. Kwa hiyo somo la siku moja, hata likiwa zuri, halitoshi.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ni mfano wa jambo hili. Mafunzo ya siku moja yaliboresha ustadi wa wahudumu kwenye mwanasesere, lakini hayakubadili huduma katika chumba cha kujifungulia. Yalipofuatiwa na mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2015.

Mwalimu, basi, na aligawe somo lake: dakika chache kila wiki, swali litangulie jibu, na kosa lirekebishwe papo hapo. Haba na haba hujaza kibaba.